Koti la Jeshi

Kaka yangu alikamatwa kwa sababu ya koti. Askari mmoja aliyelala kwetu Izigo wakati wa vita alimwachia baba koti hilo, na baba alipofariki kaka akalichukua. Miaka ile alikuwa ameanza kukonda na kusikia baridi hata mchana, ndiyo maana alilivaa kila siku, mpaka kibanjani kwenye migomba. Siku moja gulioni mgambo wakamshika, wakampeleka kituo cha polisi Muleba. Raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi, walisema.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Bukoba, nimepanga Miembeni. Habari zilinifikia siku ya pili. Nikapanda basi na ndizi za maharage nilizofunga kwenye majani. Koplo wa mapokezi alipokea chakula, lakini kumwona kaka akakataa.

"Anashtakiwa kwa kosa gani, afande?"

"Uchunguzi unaendelea, mwalimu. Utaambiwa."

Nilirudi kesho yake, nikajibiwa vilevile. Mwezi ule nilikuwa nimeshazika binamu wawili kwa ugonjwa ambao hatukuutaja. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Niliketi kwenye benchi, nikasikia kaka anakohoa nyuma ya ukuta.

Jirani yangu Miembeni alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Nilipomweleza, alivua miwani.

"Waitu, mwanangu, acha kuwaomba. Waulize. Mtu akikamatwa lazima aambiwe kosa lake. Saa ishirini na nne zikipita, apelekwe kwa hakimu, au apewe dhamana. Na asitie dole gumba kwenye maelezo ambayo hakusomewa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, nikayasema hayo kama mtoto anayesoma kwa kukariri. Nilitarajia afoke. Hakufoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakimu yuko msibani," alisema. "Karani wake anaumwa. Nimpeleke kwa nani?"

"Basi dhamana."

"Hakuna aliyeiomba."

"Naiomba mimi."

Alifungua droo na kunisogezea fomu. Siku nne zote hizo ilikuwa humo.

Kaka alitoka peku, ameshika suruali isimdondoke. Nje, alikaa chini kwenye nyasi.

"Wameandika nini kwenye maelezo yako?" nilimuuliza.

"Sijui. Koplo alisema nikitia dole nitaruhusiwa kulala. Nilikuwa nimechoka, dada."

Maelezo yalisema ameliiba koti kambini. Wiki mbili baadaye hakimu alimuuliza kama alisomewa kabla ya kutia dole, kaka akasema hapana. Koplo alipoulizwa, hakukana. Hakimu aliyakataa maelezo yale, na kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa na shahidi wa wizi, kesi ikafutwa. Koti likabaki mahakamani.

Kaka alifariki kabla kahawa haijaiva. Sitasema mahabusu ndiyo iliyomuua. Alikuwa mgonjwa tayari. Lakini zile siku nne alilala kwenye sakafu ya saruji, na hakuwa na siku nyingi za kupoteza.

Baada ya hapo wanawake wa Miembeni walianza kunigongea mlango. "Mwalimu, wamemchukua mume wangu. Twende ukamuulizie." Nilikuwa nafunga madaftari ya wanafunzi, natafuta kanga, tunakwenda. Mara nyingine polisi walituonyesha fomu ya dhamana. Mara nyingi tuliambiwa tungoje, nasi tukangoja.