Bafa na Ng'ombe wa Baba

Aibu hii niliificha miaka mingi, lakini kwa vile mke wangu Kabula keshawasimulia nusunusu, bora niimalize mwenyewe. Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, na mimi mwalimu mpya wa kemia, nimevaa suti ya mtumba, najiona msomi kweli kweli, huku posa yangu kwa Kabula imekwama kwenye mahari: wao wanataka ng'ombe ishirini, baba yangu anaapa kwamba zizini kwake Nkololo anao kumi na wawili tu.

Siku ya wazazi mkuu wa shule akaniomba nifundishe mbele ya wageni. Nikachagua bafa ya ioni za metali, nikaeleza kwamba majini mna ioni chache za shaba zinazoelea huru, na mna molekuli za kuzishika, nyingine zimeshashika, nyingine mikono mitupu. Ukiondoa ioni huru, zilizoshika zinaachia, ukiongeza, zenye mikono mitupu zinadaka, kwa hiyo zile huru hazibadiliki sana. Wazazi wakapiga miayo. Ningeishia hapo ningepona, ila nilitaka makofi.

"Chukueni zizi la baba yangu," nikasema. "Mnaowaona ni kumi na wawili siku zote. Akiuza watatu, anarudisha watatu kutoka kwa marafiki wa Ipililo wanaomtunzia." (Desturi yetu hiyo, anayekutunzia anakunywa maziwa.) "Akipokea mahari ya dada, anawapeleka hukohuko. Zizini huoni tofauti. Hiyo ndiyo bafa."

Walielewa, jamani, makofi yakalia, na nilipoinua kichwa nikamwona baba yake Kabula, ambaye binti yake mdogo nilimfundisha mimi mwenyewe (sijui akili yangu ilikuwa wapi), na viti viwili pembeni yake baba yangu, niliyemwalika aje kunisikia, anatazama viatu.

Baba yake Kabula akanyoosha mkono kwa adabu. "Mwalimu, hao walioshikwa, ni wengi kuliko walio huru?"

Mdogo wake Kabula, kinara wa darasa langu, akanijibia: "Ndiyo baba, wengi sana. Wakiwa wachache bafa haifanyi kazi."

"Mzee mwenzangu," mzee akamwambia baba yangu, "kijana wako anafundisha vizuri. Tuanzie thelathini."

Thelathini wakatoka. Baba hakunisemesha mpaka harusi ilipopita, na aliponisemesha alisema, "Mwanangu, darasani fundisha mambo ya shule." Nimeshika hilo. Bafa naifundisha bado, kwa shaba na maji, na darasa likisinzia naliacha lisinzie.