Mwandishi Aliyeacha Kiti

Harufu ya nyasi zilizokanyagwa chini ya hema inanirudisha utotoni, siku mama aliponitoa nyumba za polisi tulikoishi, Nsambya, kunipeleka kwenye tamasha la vitabu, nimwone mwandishi wa kitabu nilichokilalia kila usiku. Nilidhani waandishi wote walishakufa. Huyu alikuwa anakunywa soda.

Nikapiga magoti kumsalimia, kama wasichana tulivyofundishwa. Naye akaacha kiti, akapiga magoti mbele yangu.

“Nyabo, bibi yangu, gauni lako litachafuka,” mama akamwambia.

“Si amenisoma,” akajibu. Akaweka kitabu changu pajani, akaandika jina langu taratibu.

Leo msichana mdogo amepiga magoti mbele ya meza yangu, kitabu nilichokiandika mkononi.

Nimeshasukuma kiti nyuma.