Medali ya Mwalimu Fideli

Pale Nyamiaga, njiani kuelekea mjini Ngara, kuna bucha ninalolipita kila jioni nikitoka kazini. Muuzaji huweka mifupa ya jana kwenye ndoo karibu na mlango, kwa ajili ya wenye mbwa. Jua likishaipiga kutwa nzima, mifupa hiyo hutoa harufu isiyoishia puani. Hukaa nyuma ya ulimi kama mafuta yaliyoganda. Wapita njia wengine hutema mate na kuendelea. Mimi huvuka barabara kabisa. Kwangu supu ya mifupa haipikwi, na mume wangu, ambaye ni mpenzi wa supu, ameshazoea kwenda kuinywa kwa jirani.

Januari hii mtoto wetu ameanza darasa la kwanza. Jirani huyo huyo, ambaye wa kwake pia ameanza, aliniuliza mzazi ategemee nini mwaka huu wa kwanza. Nikamtajia penseli zinazopotea, sare zinazochanika makalioni, na chawa. Habari ya mfupa sikumwambia. Ninyi nitawaambia.

Mimi nilizaliwa Bukiriro, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa. Kwetu tuliongea Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha redio, cha mnadani, na cha watu wenye mihuri. Siku ya kuanza shule mama alinisugua visigino kwa jiwe mpaka nikalia, akanipaka mafuta nikang'aa kama sufuria mpya. Baba aliyapanga matarajio yake pale mlangoni. "Mtoto akienda shule arudi na kitu," alisema. Alitaka kufikia mavuno ya kahawa niwe namsomea Injili.

Kilichonipokea ni harufu. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na kila mtoto alikuja na ya kwake: moshi, jasho, makamasi, mkojo wa usiku uliokaukia kwenye kaptula. Chooni ndiyo usiseme. Magogo yalikuwa yameloa na kuteleza, na funza weupe walipanda ukutani kana kwamba nao wanakimbia. Nilijifunza kubana haja tangu asubuhi hadi nyumbani, na huo ndio ujuzi wangu wa kwanza wa shule.

Niliketi na msichana anayeitwa Kabula. Wazazi wake walikuwa wamekuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na yeye alijua Kisukuma tu. Kihangaza hajui, Kiswahili hajui. Alinuka maziwa yaliyochacha, na alikuwa na tabasamu la mtu anayesubiri aelezwe kichekesho. Tulielewana kwa kusukumana viwiko.

Mwalimu wetu aliitwa Fideli. Alikuwa kijana, shati lake limechomekewa vizuri, viatu vyake haviguswi na vumbi sijui kwa uganga gani. Siku moja baada ya mnada aliingia na mfupa wa bega la ng'ombe, bapa kama kibao, ametoboa tundu na kupitisha kamba ya katani. Haukuwa umechemshwa wala kuanikwa. Ukingoni ulikuwa bado na mishipa ya njano na utando wa nyama unaogeuka kijani, na nzi waliingia nao mlangoni kama wanafunzi wapya.

"Hii ni medali," alisema. "Atakayeongea kilugha ataivaa. Akimsikia mwenzake anaongea kilugha, atamvisha. Atakayebaki nayo kengele ikilia, atalala nayo kwao, na asubuhi atachapwa." Kisha akatabasamu. "Samaki mkunje angali mbichi."

Kilichokuwa kibichi pale ni mfupa tu.

Tangu siku hiyo hatukuwa tena watoto, tulikuwa wawindaji. Aliyevaa mfupa alizunguka akitega masikio. Wengine walikukanyaga kidole makusudi, kwa sababu mtu akiumia hulia kwa lugha ya mama yake. Kamba ililowa jasho la shingo zetu zote ikawa nyeusi na kunata. Mara nyingi mfupa ulimwangukia Kabula, ambaye kila alichojua kilikuwa kosa. Siku moja alibanwa na haja, akanitazama, akamtazama mwalimu, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na maneno ya kuomba ruhusa. Mkojo ukatiririka chini ya dawati hadi miguuni pangu, wa moto. Mwalimu Fideli akaziba pua, akaagiza mchanga, na darasa zima likaziba pua kumuiga. Kabula alikaa pale na mfupa kifuani, nzi wakimtembelea kutoka mfupani hadi kwenye midomo, na hakuwafukuza.

Mimi nikaacha kusema. Shuleni niliogopa, na hofu haijui mpaka wa shule na nyumbani. Mama akiniuliza kama nimeshiba, natikisa kichwa. Bibi mzaa baba akinisalimu, namwangalia. Baba alisema shule inanitia adabu. Mama alinipima homa kwa kiganja, akachungulia koo langu kwa mwanga wa mlangoni, akatafuta kidonda asikione.

Halafu siku ya jua kali, karibu na kengele ya mwisho, nilimwomba mwenzangu kibuyu chake. Nilitaka kusema "maji." Kooni kukavu kukasema "amazi." Wenzangu, oneni jinsi maneno hayo yalivyo ndugu! Lakini kabla sijanywa kamba ilikuwa shingoni mwangu, ya uvuguvugu kutoka shingo ya mwingine, na ule mfupa ukanipiga tumboni kwa unyevunyevu wake. Nikatapika uji wa asubuhi juu ya miguu yangu.

Nilifika nyumbani nao. Mama alikuwa anamenya ndizi, mdogo wangu yuko mgongoni. Alinusa kabla hajaniona. Aliuliza kwa Kihangaza ni kitu gani hicho, na nani kafa. Nililia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaongea, nikamweleza yote, nikipiga kwikwi. Alinivua ule mfupa, akauviringisha kwenye jani la mgomba, akanawa mikono kwa majivu, akaniogesha mara mbili. Baba alisema mambo ya shule ni ya walimu.

Asubuhi alinisindikiza. Mama yangu alikuwa mtu wa haya. Hata kanisani alikaa nyuma. Alisimama mlangoni mwa darasa akipeleka mzigo wake mbele kwa mikono miwili.

"Habari za kazi, mwarimu," alisema.

"Nzuri, mama. Karibu. Una shida gani?"

"Mtoto wangu nirimreta asome. Huu mfupa unaoza. Mtoto harari, haongei..."

Kiswahili chake cha mnadani kilimfikisha hapo, kikakatika. Alihitaji neno zito zaidi, na neno hilo alikuwa nalo kwa Kihangaza tu. Akalisema. Akaendelea kwa Kihangaza, haraka haraka, sauti ikimpanda, jinsi mama yeyote anavyosema akiumizwa kwa ajili ya mwanawe.

Mwalimu Fideli aligeukia darasa, macho yanacheka. "Darasa, nani ameongea kilugha?"

Watoto wakapiga kelele kwa furaha: "Mama Jenistaaa!"

Naye akauchukua ule mfupa kutoka kwenye jani, akamvisha mama yangu shingoni, akaikaza kamba kwa fundo. Alifanya kama mzaha. Naamini mpaka leo alidhani mama atacheka, atauvua, atakwenda zake.

Mama hakucheka. Aliangalia kifua chake, akatuangalia sisi. Kisha akageuka, akatoka. Hakuuvua.

Alipita nao barabarani watu wakienda shambani. Alipita nao kisimani. Aliyemuuliza alimjibu hivi: "Ni wa mwarimu. Nasubiri aje auchukue." Alipika nao, akilima akausogeza mgongoni, akinyonyesha akamkinga mtoto kwa khanga iliyokunjwa. Baba alimsihi, kisha akamfokea, kisha akahamisha mkeka wake sebuleni, akasema hawezi kulala na ng'ombe aliyekufa. Mimi chakula chake kilinishinda. Nilikiona kinatoka kwenye mikono yake safi, nimeona akinawa, lakini harufu iliingia kwenye maharage, kwenye mashuka, kwenye nywele zetu. Nilitamani awe na aibu kama mama wengine.

Jumapili akaenda nao kanisani. Katekista alimwomba kwa upole auache nje.

"Nje kuna mbwa," mama alisema, akaingia.

Kina mama walisogea, benchi zima likabaki lake, na siku hiyo ubani haukufua dafu. Lakini baada ya ibada hao hao kina mama waliketi chini ya ukuta wa kanisa na kuanza kuulizana nini watoto wao wamekuwa wakileta shingoni kutoka shule. Kumbe wengi waliuona mfupa nyumbani, kila mmoja akadhani ni adhabu ya mwanawe tu, akanyamaza kwa kuona haya. Bibi mmoja alitema mate, akasema hata mbwa wake hamfungi kitu kama hicho.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mtu mzima, aliyerudi siku hiyo kutoka kwenye msiba wa ndugu yake kule Biharamulo. Habari zilimpokea njiani. Jioni alikuja kwetu, na nyuma yake Mwalimu Fideli, viatu vyake kwa mara ya kwanza vina vumbi.

"Shikamoo, mwarimu mkuu," mama alisema, akatoa vigoda.

"Marahaba, mama. Hatukai. Tumefuata kitu chetu." Akamgeukia Fideli. "Mvue. Ulimvisha wewe."

Fundo lilikuwa limekazwa na jasho na mafuta ya mfupa. Ilimbidi ainame karibu kabisa, alifungue kwa kucha, uso wake karibu na kifua cha mama yangu, pale ambapo ngozi ilikuwa imebabuka na kutoa majimaji. Nilimwona akibana pumzi. Nilimwona pumzi zikimwishia. Fundo likaachia, naye akakimbilia kwenye mibuni, akatapika mpaka akashika magoti.

Mama alimpelekea maji kwenye kata. "Nawa, mwarimu," alisema.

"Nisamehe, mama," alisema Fideli, bila kuinua kichwa.

Baba aliuzika ule mfupa kwenye shimo la taka, akarudisha mkeka chumbani. Haukuletwa mwingine. Sitawadanganya kwamba mwalimu yule aligeuka malaika. Viboko viliendelea, na choo kilibaki vile vile. Injili nilimsomea baba mwaka uliofuata, kwa kukwamakwama, na yeye akajifanya hakuona.

Kwa miaka mingi nilijua kisa hiki kama kisa cha ukaidi. Nilikieleza bwenini kama kichekesho, mama yangu aliyebishana na mwalimu kwa kunuka. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mama alikuja kuniuguza. Siku moja nikambadilisha mtoto nepi, nikageuza uso kwa kichefuchefu, akanicheka. Akaniambia yeye ndiye aliyezidi. Siku zile za mfupa alitapika nyuma ya migomba kila asubuhi kabla hatujaamka.

"Sasa kwa nini hukuuvua?" nilimuuliza. "Ungeutupa tu."

"Ningeutupa angeutafuta mwingine. Angekuvisha wewe, au yule mtoto wa Kisukuma." Alikuwa anamfunga mwanangu nepi, hakuniangalia. "Huo aliouweka kwangu alijua uko wapi. Ukiwa kwangu hauko kwa mtoto."

Hapo ndipo nilipozikumbuka siku zile upya, kwa upande wa darasani. Ni kweli, siku zile hakuna mtoto aliyevaa mfupa. Mwalimu Fideli alikuwa akisubiri mama achoke, kisha akaona haya kwenda machinjioni wakati kata nzima inamsema. Na sisi tuliongea. Tuliongea kama ndege walioachiwa. Kabula, ambaye tangu siku ya mkojo sikuwa nimeisikia sauti yake, alisimama juu ya dawati akatusimulia kwa Kisukuma kisa kirefu cha ndama, mikono ikiwa pembe, akaruka, akaanguka, na hakuna aliyeelewa neno hata moja, na tulicheka mpaka machozi.