Mtendaji wa kijiji aliyemsikiliza mama kupitia dirisha

Wakuu, poleni na majukumu. Humu huwa nasoma tu, kuandika naona aibu. Nimeishia darasa la saba na naandika taratibu, mnivumilie. Ila haya niliyaona mwenyewe.

Kwetu ni kijijini, Bariadi. Baba alifariki akatuachia shamba la pamba kando ya barabara. Miaka ile makampuni binafsi yalikuwa yanagombania pamba, na moja likataka pa kujenga ghala. Baba mdogo akasema shamba ni la ukoo, lipangishwe.

Ndilo lililokuwa linatulisha.

Suala likafika ofisi ya kijiji. Mtendaji alimuuliza mama mara mbili. Mama akainama, kimya. Mtendaji akaandika kwamba mama hana pingamizi.

Kwa wasiojua, kwetu mwanamke aliyelelewa kizamani haongei mbele ya baba mkwe. Na babu, mzazi wa baba, alikuwa amekaa pale pale, ndiye mwenye neno la mwisho.

Kabla suala halijafungwa, akaletwa mtendaji mpya, dada wa Kagera, katoka semina ya watendaji.

Akatuita wote tena ofisini, na babu. Baba mdogo akamwambia, "Dada, hilo limeisha. Mwenyewe alinyamaza."

"Basi ngoja nimuulize kwa nini alinyamaza."

Akatoka na mama nje. Aliporudi, alirudi peke yake. Mama alikuwa ameketi chini ya dirisha, upande wa nje.

"Mayu," akaita dirishani, yaani mama kwa Kisukuma, "sema. Babu atasikia."

Baba mdogo akacheka. "Siku hizi serikali inahoji ukuta?"

"Ndiyo. Na wewe kaa usikilize."

Sauti ya mama ikaingia ndani. Hakumlaumu mtu. Alisema shamba lile walilisafisha na marehemu, mimi nikiwa mgongoni, na kwamba hana pengine pa kutulishia.

Babu akavua kofia. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwanangu, miaka yote hii sikuwahi kusikia sauti yako. Lima shamba lako."

Mtendaji akaandika, akatusomea. Nje nilimkuta mama kajifunika khanga usoni, analia huku anacheka.

Tangu siku ile babu akawa anakuja jioni, anakaa nyuma ya ukuta wa jiko, wanapiga stori na mama, kila mtu upande wake. Mpaka alipofariki.

Nikisikia habari za kuijengea serikali uwezo, wengine wanataja magari na kompyuta. Vinahitajika. Mimi namkumbuka yule dada na lile dirisha.

Je, ofisi za kwenu zinawasikilizaje wanaoshindwa kusema? Niambieni, nitasoma zote, hata kama nitachelewa kujibu.