Barua ya Kumuombea Fundi Kazi Kigoma

Siku ile tulikuwa nyumbani kwangu mjini Baraka, upande wa Kongo, watu watano. Mume wangu. Mwana wetu wa pili, fundi wa mashini za boti. Shemeji yangu, mudogo wa mume wangu, yeye ndiye alimfundisha ufundi huo. Patroni mwenye maboti Kigoma, mama yake ni wa Mboko, karibu na kwetu, aliolewa ng'ambo ya ziwa. Na mimi, nilikuwa ninapika sombe, majani ya mihogo. Majina yote ninayo kichwani, lakini wana bajukuu leo na sikuwaomba ruhusa, kwa hiyo siyaandiki.

Ilikuwa vita. Kila kundi lililopita lilitafuta vijana wenye ufundi, wawatengenezee magari yao kule milimani. Wawili wa mtaa wetu walichukuliwa, hatukuwaona tena. Mwana wetu alikuwa analala shambani, katika mihogo. Patroni alitaka kumwajiri Kigoma, na biro ya uhamiaji, ofisi ya kule, ilimwambia alete barua: aeleze kwa nini anataka muntu wa Kongo, kwani kwao mafundi hawako?

Barua ya kwanza aliiandika peke yake. Akaeleza kwamba kijana ana adabu, hanywi pombe, anasali, na ametoka kwa watu wema. Ikarudishwa. Mkubwa wa biro alimuuliza kama anatafuta fundi ama anamtafutia binti yake mume. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Sasa amekuja kwetu kuandika ya pili. Ilitakiwa aseme kijana anaweza kazi gani ambayo wengine hawaiwezi. Hapo akakwama. Kwetu mwanafunzi hasifiwi kazi mbele ya mwalimu wake, mpaka mwalimu mwenyewe aseme kwanza. Na shemeji alikuwa amekaa pale. Patroni akazunguka, akauliza habari za ndagala, samaki wadogo wa ziwa, akauliza habari za mvua. Mwanangu anaangalia mlango kila viatu vikipita njiani. Sote tulijua mikono ya shemeji inapita ya mutoto. Kama angetaka aandikwe yeye, nani angekataa? Ndiye mkubwa wa kazi.

Mwishowe shemeji akamgeukia patroni. "We patroni, unaogopa kalamu? Andika: mashini ikizama ndani ya ziwa, huyu mutoto anaifungua yote, anaikausha, na inawaka bila kuwekewa piesi mupya. Andika hakuna mwingine."

Patroni akamuuliza polepole, "Na wewe, muzee?"

"Mi? Mi naharibu tu. Yeye ndiye anatengeneza nyuma yangu."

Hakuna aliyecheka. Shemeji hakuwahi kujishusha vile, hata kwa mzaha. Patroni akainama, akaandika.

Barua ile ilipokelewa, kibali kikatoka, mwanangu akavuka ziwa. Yuko kule mpaka leo, na watoto wake.

Kundi lingine lilipokuja kutafuta fundi, lilimkuta shemeji. Alirudi kwetu mihogo ikiwa imevunwa na kupandwa tena, amekonda sana. Hakuhadithia ya kule, na sisi hatukumuuliza.

Maneno yake ya siku ile nimeyaweka kama nilivyoyasikia, lakini jiko langu lilikuwa nje ya mlango. Kama kuna mtu wa Baraka ambaye baba yake alimhadithia vingine, anirekebishe. Hasa hilo neno "naharibu". Mwanangu anasema shemeji alitumia neno kali zaidi, na mi sitaki kuyapunguza maneno yake.