Kichwa Kilichobaki Nusu

Mama Kitana hakuwa na saluni. Alikuwa na begi, kigoda na simu. Alikoitwa ndiko kulikokuwa kazini kwake. Kitana kilishinda kimechomekwa kwenye kilemba chake, na jina likatoka hapo. Kwenye bei alikuwa mgumu kama kufuli lenye kutu. "Kichwa chenyewe kikubwa, dada," angemwambia mteja anayelilia punguzo, "shukuru sikutozi viwili." Watu walicheka, wakalipa.

Wafu tu ndio hakuwatoza. Dada yake alizikwa amefungwa kitambaa kichwani kwa kukosa wa kumchana, na siku ile alimwahidi Mungu kwamba akiitwa kwa marehemu, atakwenda. Hakushurutishwa na mtu. Sasa ahadi ilikuwa inaila biashara. Jumapili akina mama wa kanisani walimsifu mbele ya mchungaji. Jumatatu wakamwita msusi mwingine. Nani anataka vidole vilivyotoka mochwari vimpite shingoni?

Basi ilipokuja harusi ya vichwa saba, bibi harusi na wadogo zake, aliona mlango wa kurudi kwa watu. Kazi ya harusi hujitangaza yenyewe. Mama wa bibi harusi alileta sharti moja.

"Wiki hii usiguse maiti, mwenzangu. Nuksi siitaki."

"Mpaka Jumamosi jioni. Baada ya hapo mikono ni yangu."

Wakapatana.

Ijumaa asubuhi mwanamume akasimama mlangoni pake, kofia mkononi. Alimjua: mume wa mteja wake, yule mjamzito aliyeshikwa na uchungu katikati ya kusukwa, akakimbizwa hospitali upande mmoja mistari imenyooka, wa pili timtim. "Tutamalizia," Mama Kitana alimwambia siku hiyo, huku akimfunga kitambaa.

"Mtoto yupo," mwanamume akasema. "Mama yake hatunaye. Tunazika kesho. Kichwa bado nusu, mama."

Njiani Mama Kitana alijaribu kupatana na Mungu. Bwana, nimtafute msusi mwingine, nimlipe mimi? Niende kaburini Jumapili, niombe saa nzima? Wateja wabishi aliwazoea, lakini huyu hakushuka hata senti.

Mochwari alikaa upande wa kichwa, akagawa mstari. "Ukiumia sema," akamwambia marehemu kwa mazoea. Wateja wake humsimulia yote: mume, jirani, mkwe. Huyu alimwachia yeye zamu ya kusema, naye akatafuta maishani mwake mume au jirani wa kusimulia habari zake, asimpate.

Alikuwa kwenye msuko wa mwisho simu ilipolia.

"Kesho alfajiri usichelewe," akasema mama wa bibi harusi. "Na mikono iko safi?"

Angeweza kuitikia tu. Shahidi pekee alikuwa mlinzi, naye alikuwa anasinzia.

"Niko mochwari, mama. Neno langu kwako nimelivunja. Huyu nilimwahidi kabla yako."

Simu ikakatwa. Kwa hesabu ya sokoni hiyo ni hasara, wala tusiipambe. Akamalizia msuko.

Mazikoni, waliopita kumuaga marehemu walipunguza mwendo. "Kapendeza! Kasukwa na nani?" Kidole kikaelekezwa benchi la nyuma, alikokaa Mama Kitana, pande zake zote mbili ziko wazi. Mwanamke mmoja akamwinamia.

"Na mimi siku yangu ikifika, dada, ni wewe tu."

"Njoo kwangu Jumatatu, ungali hai. Ila ukiwa hai nakutoza."

Mwanamke akacheka nyuma ya leso. "Haya, nitakuja."

Jumatatu Mama Kitana aliweka kigoda mlangoni mapema, akaosha vitana, akavipanga. Viatu vilipita na njia, havikukata kona, hata vya yule wa mazikoni. Adhuhuri akakiingiza kigoda ndani, akakikalia mwenyewe, akafungua kilemba. Wanasema kinyozi hajinyoi, msusi hujaribu. Mbele palitoka vizuri. Nyuma, mistari ilimpotea. Akaifumua, akairudia, ikampotea tena. Akafunga kilemba, akachomeka kitana mahali pake, akaisogeza simu karibu.