Kijiko kimoja, madam

Wacha niandike.

Leo nimeingia duka la dawa hapa mtaani kwetu, Mountain View. Mfamasia kwenye kaunta? Mwanafunzi wangu wa zamani wa chuo cha ufamasia! Nikajaa raha.

Alikuwa akimhudumia mama aliyebeba mtoto mgongoni. "Dawa ya homa, kijiko kimoja, mara tatu kwa siku."

Nikaitupia jicho ile chupa. Ni ile kali, yenye nguvu mara mbili ya ile ya kawaida.

"Umesoma lebo?" nikamnong'oneza.

"Lakini madam, si wewe ulitufundisha? Mtoto mdogo, kijiko kimoja."

Kweli. Miaka yote nimefundisha nikishika chupa moja tu, ile hafifu.

Akasoma lebo, akamrekebishia mama: nusu kijiko. Mama akaondoka, nami nikaanza kuwafikiria wengine wote niliowafundisha hivyo.

Kama niliwahi kukufundisha na uko kaunta sasa hivi, tafadhali soma lebo.

Halafu nijibu hapa. Nawahesabu.